Kutengeneza chembe nano za sumaku leb, na kwa nini njia unayotumia ndo inaamua sumaku utakayopata

Kila wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakianza projekti maswali ni yaleyale, awe ametoka Makerere, Kyambogo, Busitema ama Mbarara. Mbona unga wangu umekuwa kahawia? Mbona VSM, ile mashine ya kupima nguvu ya sumaku, imenipa emu 38 kwa gramu (emu ni kipimo cha usumaku) na kitabu kinasema 92? Mbona nimefuata resipe ya mwenzangu yote vile ilivyo na chembe zangu hazifanani na zake? Nimeona niandike mara moja niweke pahali pamoja, manake jibu la yote matatu liko kwa namna ulivyotengeneza. Kemikali mnaweza kununua duka moja, chupa moja, mkatoka na unga mbili tofauti kabisa kwa sababu mmoja alimwaga haraka na mwingine alidondosha, mmoja alifunika na mwingine akaacha wazi.

Tutatengeneza magnetaiti, Fe3O4, kwa kopresipitesheni, yaani unachanganya chumvi mbili za chuma alafu unaziangusha kwa besi mpaka mashapo meusi yatoke. Ndo njia rahisi, haitaki mashine ya bei, na ndo inayofundisha vizuri zaidi kwa sababu kila kosa linaonekana kwa macho.

Nadharia kidogo tu, alafu tuendelee

Magnetaiti ya kawaida, kipande kikubwa, inafika karibu emu 92 kwa gramu kwenye joto la chumba. Ukiifanya ndogo chini ya kama nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) inakuwa supaparamagnetiki: ukileta sumaku inavutwa, ukitoa sumaku inaachia, haibaki imegandana kwa usumaku wake yenyewe. Hiyo ndo sifa watu wanaitafuta. Lakini kuna bei yake. Atomu za juu ya chembe, yaani za usoni, hazijapangika vizuri kama za ndani, na chembe ikiwa ndogo zaidi sehemu ya juu inakuwa kubwa ukilinganisha na ndani, kwa hiyo nguvu inashuka. Ndo maana kopresipitesheni ikikupa 50 mpaka 70 uko sawa, usilie. 38 hapo kuna kitu kimeharibika na tutakitafuta.

Pia amua kabla hujaanza, chembe ni za nini. Kama unataka kutoa metali kwenye maji, tuseme maji ya Kasese upande wa chini ya machimbo ya zamani ya Kilembe, unataka eneo kubwa la juu lakini pia sumaku iweze kuzikusanya, na chembe ndogo sana zilizotawanyika moja moja sumaku ya kawaida haiziwezi. Nanomita 10 mpaka 15 zilizoshikana kidogo zinafaa. Kama ni mambo ya tiba, kupasha seli joto ama picha za MRI, hapo saizi lazima zifanane na kopresipitesheni peke yake itakusumbua.

Vitu vya kuwa navyo

- Kloridi ya feri (chuma cha Fe3+) FeCl3·6H2O, na kloridi ya ferasi (chuma cha Fe2+) FeCl2·4H2O ama salfeti ya ferasi FeSO4·7H2O
- Sodiamu haidroksaidi, ile kosti soda ya leb, ya kufungulia bomba usitumie
- Asidi ya haidrokloriki kali, mililita moja inatosha
- Asidi ya sitriki, na amonia kidogo ya kurekebisha pH
- Maji distildi, na ethano ama asetoni
- Silinda ya naitrojeni na mpira wake
- Mota ya kukoroga yenye fimbo ya glasi ama plastiki
- Sumaku ya neodimiamu. Hard disk za kompyuta zilizokufa zinazo ndani, mafundi wa kompyuta hapo Kampala watakuuzia bei ndogo. Ile kubwa nyeusi ya spika ni feraiti, ni dhaifu, inafanya kazi lakini utasubiri sana
- Karatasi za pH, themomita, glavu, miwani, na fyumu hudi (kabati la kuvuta mvuke) kama iko

Maji ya jerikeni kutoka borehole usilete hata kama yanaonekana safi. Yana kalsiamu na bikaboneti, mengine yana chuma chake, na yote hayo yanaingia kwa mashapo yako.

Hatua

1. Toa oksijeni kwa maji. Chemsha maji distildi kama mililita 400 kwa dakika 15, funika yapoe, alafu pitisha naitrojeni dakika 20. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari kwa hiyo maji yatachemka kwenye digrii 96 hivi, usikae ukingoja themomita ifike 100. Hatua hii watu wanairuka sana, na ndo hiyo inaleta unga wa kahawia.

2. Pima chumvi. FeCl3·6H2O gramu 5.41, na FeCl2·4H2O gramu 1.99 (ukitumia FeSO4·7H2O ni gramu 2.78). Hiyo inakupa chuma cha Fe3+ mara mbili ya Fe2+, uwiano ambao magnetaiti inataka. Hapa soma lebo ya chupa polepole tafadhali. FeCl3 inauzwa pia isiyo na maji ndani yake, na ya hiyo unahitaji gramu 3.24 tu, ukipima 5.41 ya isiyo na maji uwiano wote umeharibika na utakuja kulaumu mashine. Alafu FeCl3 inanyonya unyevu wa hewa vibaya, msimu wa mvua ukiiacha wazi kidogo inaanza kulowana, kwa hiyo pima haraka ufunge.

   Angalia pia ferasi yako. Salfeti nzuri ni ya kijani kibichi chepesi. Ikiwa imepata rangi ya njano au kahawia juu, sehemu ya Fe2+ imeshageuka Fe3+ ikiwa bado kwa chupa. Tafuta nyingine.

3. Yeyusha chumvi zote mbili pamoja kwenye mililita 25 ya yale maji, ukiwa umeshatia mililita 0.85 ya HCl kali. Asidi inazuia chuma kuanza kuwa kutu kabla ya wakati. Maji yawe masafi, ya njano iliyokolea. Yakiwa na ukungu anza upya, hayatapona.

4. Tengeneza besi. NaOH gramu 15 kwenye mililita 250 za maji, inakuja kama mola 1.5 kwa lita. Tia NaOH kidogo kidogo ndani ya maji ukikoroga, usimwage maji juu ya NaOH, inapata joto kali na inaruka machoni. Vaa miwani, hapa sitanii, jicho halina spea.

5. Weka besi kwa flaski ama bika kubwa, pitisha naitrojeni, washa mota ikoroge kwa nguvu. Usitumie ile stara ya sumaku yenye kijiti kinachozunguka chini. Kila anayeanza anaitumia, alafu chembe zote zinaenda kushika kijiti, zinakaa hapo zinakua bila mpango, na kukisafisha ni shida.

6. Dondosha maji ya chuma ndani ya besi, tone kwa tone kwa sirinji ama bureti, dakika 10 mpaka 15. Kila tone litageuka jeusi papo hapo. Ukiona kahawia au rangi ya kutu inabaki bila kuwa nyeusi simama, angalia naitrojeni kama inapita kweli.

7. Ikiisha koroga dakika 30 zaidi. Kwenye joto la chumba utapata chembe ndogo, karibu nanomita 8 hivi. Ukitaka zilizokomaa zaidi pasha mpaka digrii 80 ukae saa moja, naitrojeni bado inapita.

8. Osha. Weka bika juu ya sumaku, ngoja maji yawe masafi, mwaga, tia mengine, koroga, rudia mara nne ama tano mpaka pH ishuke kwenye 7 au 8. Pima pH ya maji masafi ya juu, ukichovya karatasi kwenye tope jeusi hutaona rangi. Karibu na 7 chembe zitaanza kushikana na kutuama haraka, usiogope, ni kwa sababu pH hiyo juu yake hakuna chaji ya kuzisukumana.

9. Gawa mara mbili. Nusu iache tupu. Nusu ya pili ivishe sitreti, yaani koti la asidi ya sitriki juu ya chembe: itawanye kwenye maji mililita 100, tia asidi ya sitriki gramu 1 uliyoyeyusha, rekebisha pH iwe karibu 5 kwa matone ya amonia (asidi ikiwa kali inakula chuma chako), pasha digrii 80 mpaka 90 kwa saa moja chini ya naitrojeni. Ikipoa oshea kwa asetoni ama ethano, kwa sababu zikishavaa sitreti zinaelea vizuri sana kwa maji na sumaku itashindwa kuzishusha.

10. Kausha kiasi cha kupeleka XRD (kipimo cha mpangilio wa kristali kwa eksirei) na VSM tu, digrii 50 mpaka 60, usiku mmoja. Iliyobaki iweke ndani ya maji, chupa ijae mpaka juu, kifuniko kikaze. Ukikausha yote chembe zinagandana na hutaweza kuzitawanya tena hata ukizipiga sonikata (mashine ya mawimbi ya sauti) siku nzima.

Kwa kila batchi andika joto, dakika za kudondosha, pH ya mwisho, besi gani, chupa gani ya chumvi, naitrojeni ilikuwepo au la. Andika wakati huohuo, sio jioni hosteli. Bila hiyo huwezi kueleza kwa nini batchi ya pili ilitoka tofauti, na projekti yako yote inasimama hapo.

Ukibadilisha hiki, kinabadilika kile

Nani anamwagiwa nani. Hapo juu tumedondosha chuma ndani ya besi, kwa hiyo kila tone linakutana na pH ya juu mara moja, mbegu nyingi zinazaliwa pamoja na zinabaki ndogo. Ukigeuza, besi ndani ya chuma, pH inapanda polepole na inapitia hatua za katikati ambapo haidroksaidi nyingine za chuma zinatokea kwanza, gothaiti kwa mfano, ambayo sio sumaku ya maana. Zingine zitageuka magnetaiti baadaye, zingine zitabaki. Resipe nyingi zinafanya hivo na zinatoka vizuri, lakini kwa anayeanza mimi naona chuma ndani ya besi ni salama zaidi.

Besi na chumvi. pH ikiwa juu zaidi, na maji yakiwa na chumvi nyingi zaidi, chembe zinakuwa ndogo. Amonia ni laini kuliko NaOH, pH yake haipandi sana kwa hiyo mara nyingi chembe zinakuja kubwa kidogo, lakini ikipashwa inaondoka kama mvuke na pH inashuka katikati ya kazi, na inakaba koo. Ukiitumia funga flaski na uwe kwa fyumu hudi.

Joto. Joto likipanda kristali inapangika vizuri na inakua, emu zinapanda pia. Ni njia ya bei rahisi kabisa ya kutoka 50 kwenda 60 na kitu.

Oksijeni. Hii ndo kubwa. Fe2+ ikipata hewa magnetaiti inageuka magihemaiti, oksidi nyingine ya chuma, rangi inatoka nyeusi kuwa kahawia, na hata magihemaiti safi ya vipande vikubwa haipiti sana emu 76 mpaka 80. Bado ni sumaku, bado inavutwa, kwa maji machafu inafanya kazi vizuri tu. Tatizo ni pale unapoandika magnetaiti kwenye ripoti na chupani kuna kitu kingine. Ukiendelea kuichoma kwa oveni ya juu, digrii 500 ama 600 kwa hewa, inakuwa hemataiti nyekundu na hapo usumaku umekwisha kabisa. Watu wanaichoma wakidhani wanaboresha kristali!

Kuvisha. Sitreti haina sumaku lakini ina uzito. Kama asilimia 20 ya unga wako ni sitreti, chembe za emu 60 zitasoma 48, na chembe zenyewe hazijabadilika. Ndo maana unapima tupu na iliyovishwa. Na usitie sitreti mapema kabla mashapo hayajatoka ukidhani unaokoa muda, inashika chuma ikiwa bado maji, chembe zinakuwa vijichembe vidogo dhaifu.

Njia zingine kwa ufupi

Kuvunja kwa joto, yaani thamo dikomposisheni: unachemsha chumvi ya chuma na asidi ya oleiki kwenye mafuta kama oktadesini, karibu digrii 320. Inatoa chembe zinazofanana saizi kama hakuna njia nyingine. Lakini zinatoka zimevaa mafuta, haziingii kwa maji mpaka uzivue uzivishe upya, na digrii 320 ya viyeyushi vya moto kwenye leb isiyo na hudi usijaribu, umeme ukikatika maji ya kondensa (ya kupoza mvuke) yanasimama na flaski bado inachemka. Haidrothamo, kwenye otokilevu (chungu cha shinikizo) iliyofungwa, inatoa kristali nzuri na emu za juu, lakini mara nyingi kubwa zaidi.

Kusaga kwa mashine ya mipira inavutia kwa sababu tuna miamba. Ndo hivo NASA walianza mwaka 1963, walisaga magnetaiti na mafuta ya taa na asidi ya oleiki muda mrefu sana mpaka ikawa maji ya sumaku. Lakini angalia mwamba wako. Mawe ya Sukulu kule Tororo yana magnetaiti. Ya Muko huko Rubanda ni hemataiti, chuma kizuri sana kwa kiwanda, ila usage mpaka kesho sumaku haitakuja. Na kusaga kunaleta saizi za kila aina, kristali zilizojeruhiwa, na chuma cha mipira yenyewe ndani ya unga.

Alafu majani. Hapa nina wasiwasi kweli kwa sababu projekti nyingi siku hizi ni za majani, muringa, chai, mpera. Taniini ya majani ikikutana na Fe3+ inatoa weusi mzuri sana, na weusi huo unaweza kuwa chuma kilichoshikana na taniini tu, kitu kilekile cha wino wa zamani, hakina sumaku yoyote. Leta sumaku kwanza kabla hujalipia XRD. Kama unataka majani, tumia chumvi mbili na besi kama hapo juu, majani yawe ya kuvisha.

Kupima

Sumaku ya mkononi kwanza, bure. Alafu XRD: kwa mrija wa eksirei wa kopa tafuta vilele karibu digrii 30.1, 35.5, 43.1, 53.5, 57 na 62.6. Kwa saizi tumia fomula ya Scherrer, inayotoa saizi kutoka upana wa kilele, kwenye 35.5, upana wa nusu kilele ukiwa digrii 0.8 inakuja kama nanomita 10. Toa upana wa mashine kwanza. Na kumbuka XRD ya kawaida haitenganishi vizuri magnetaiti na magihemaiti, vilele vyao vinakaribia kulingana, kwa hiyo usiandike "XRD imethibitisha magnetaiti". Andika kilichoonekana, ongeza rangi na emu, na Mössbauer, kipimo kinachotofautisha Fe2+ na Fe3+, kama una mtu wa kukupimia.

Ikienda vibaya

*Unga ni kahawia.* Hewa. Rudi hatua ya 1, na angalia ferasi ya zamani. Ikiwa ilitoka nyeusi na ikageuka wakati wa kukausha, punguza joto la oveni.

*Emu 38 au chini.* Uliza kwa mpangilio huu: umevisha? umeosha chumvi zikaisha? uwiano ulipima na chumvi ya maji au isiyo na maji? Chumvi ya mezani, NaCl inayotokea kloridi ikikutana na NaOH, ikibaki kwenye unga inahesabiwa uzito pia. Kwa vipimo vyetu mavuno yote kamili ni gramu 2.3, ukipata 3 kuna kitu kingine humo.

*Sumaku haivuti chochote na maji bado meusi.* Kama ni za sitreti ni sawa, tia asetoni zitashuka. Kama ni tupu, chembe ni ndogo sana, pasha digrii 80 saa moja, ama shusha pH kwenye 7.

*Grafu ya XRD ina kelele nyingi chini.* Chuma kinang'aa chenyewe kikipigwa na mrija wa kopa, ni kawaida. Omba skani ya polepole, ama mrija wa kobalti kama upo.

*Batchi mbili hazifanani.* Linganisha daftari, kwanza dakika za kudondosha na kasi ya kukoroga. Mara nyingi ni hapo.

*Umeme umekatika katikati.* Kabla ya kudondosha: funika, ngoja. Katikati ya kudondosha: acha kudondosha, koroga kwa mkono kwa fimbo ya glasi, naitrojeni iendelee maana silinda haitaki umeme. Ukirudi ndani ya dakika chache endelea, ila andika kwenye daftari. Ikizidi hapo usiichanganye na batchi zingine, ipe lebo yake.